Kuhifadhi na Kutengeneza: Uhakiki wa Mafunzo ya Watunza Miswada

Mafunzo ya kuwazoeza watumishi kutunza mali za kale yalipata msukumo katika Afrika mwaka 1986, pale ICCROM, shirika la kimataifa lenye makao yake Roma, lilipoanzisha mpango wa PREMA kwa ajili ya majumba ya makumbusho. Mpango huo ulifundisha kwa Kiingereza na Kifaransa hadi mwaka 2000, na mwaka huo huo kilianzishwa Mombasa kituo cha kuiendeleza kazi hiyo. Faida yake hapana mtu awezaye kuikana. Walakini mafunzo ya namna hii, na yale mafupi yatolewayo kwa watumishi wa maktaba na nyumba za kumbukumbu, yana upungufu ambao mtaalamu wa kemia si rahisi auone, na ambao mtu wa lugha yampasa kuusema. Mtumishi hufundishwa hali ya karatasi bila ya kufundishwa yaliyoandikwa juu yake. Tena hufundishwa kwa lugha asiyoitumia mikono yake ifanyapo kazi.

Tuanze na maneno yenyewe. Kuhifadhi, kwa mwana wa chuo wa pwani, ni kuitia Kurani moyoni hata usiihitaji tena karatasi. Neno hilo hilo leo twalitumia kwa karatasi, na hapana dhara. Dhara limo katika neno la pili, kutengeneza. Mtumishi aambiwapo, “Kitengeneze kitabu hiki,” yeye huelewa, na hana kosa, kwamba kitabu kinatakiwa kirudi kuwa kipya. Basi hukata kingo zilizochakaa, hubandua jalada la zamani na kulitupa, hutia gundi mgongoni, na hurudisha kitabu kizuri chenye ngozi ing’aayo. Ufundi ambao mwalimu wake alikusudia kumfundisha wasema kinyume chake: fanya machache, na ulilofanya liweze kuondolewa kesho bila kuacha jeraha. Somo hili lilikaziwa sana huko Florence baada ya mto Arno kufurika tarehe 4 Novemba 1966 na kuingia katika Maktaba ya Taifa. Mafundi waliokwenda kuokoa vitabu waliona kwamba majalada ya kale ya ngozi laini, yasiyo na gundi nyingi, yaliyastahimili maji kuliko mengi yaliyokuwa magumu na ya fahari zaidi. Katika Kiswahili jambo hili halijapata kitenzi chake. Mimi naona shikiza lafaa: hutumika kwa kitu kinachozuiwa kisianguke, wala halina maana ya kukifanya kipya. Mwenye neno bora na alilete. Lakini bila ya neno, kila kozi itaendelea kufundisha kushikiza na kuvuna kutengeneza.

Hasara yenyewe huonekana wazi katika miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, kama ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambayo wasomaji wa kurasa hizi waijua kwa orodha ya J. W. T. Allen, iliyochapwa Leiden mwaka 1970. Katika miswada mingi ya namna hii ubeti mzima huandikwa katika mstari mmoja, vipande vinne vikifuatana kutoka kulia kwenda kushoto, na kina cha bahari husimama mwisho wa mstari. Kitabu kikifunguliwa, ukurasa wa kushoto una mwisho wa mistari ukingoni mwa nje, mahali pale pale ambapo kisu cha mtia jalada hupita. Ukate nusu inchi tu, nawe waweza kuondoa bahari ya beti zote za ukurasa huo. Nyuma ya karatasi ile ile umegusa mianzo ya beti zifuatazo. Aidha miswada mingi haina nambari za kurasa. Badala yake mwandikaji huweka chini ya ukurasa, pembeni, neno la kwanza la ukurasa ufuatao. Asiyezijua hati huliona neno hilo kuwa ni takataka za kalamu. Na karatasi zikimwanguka, atazirudisha kwa mpango wa ukubwa au wa weupe wake, au atazishona upande wa kushoto kama daftari la Kizungu. Halafu waja wapiga picha za kidijitali, na kosa lile lanakiliwa kwa uaminifu mkubwa.

Juu ya wino mafunzo yana nguvu zaidi, ila nguvu hiyo mara nyingi imetoka mbali. Wino wa chuma, uliotumika sana Ulaya, huila karatasi kwa asidi yake, na kuna njia za kuitibu karatasi hiyo kwa maji. Wino wa masizi na gundi ya mgunga hauili karatasi, lakini maji huweza kuuchukua. Wino mwekundu wa vituo na vichwa vya habari huelekea kutiririka upesi zaidi. Mtumishi aliyesoma tiba ya kwanza peke yake ni wa kuogopwa.

Picha nitazipitia kwa ufupi. Tabaka la jelatini hunywa unyevu, hulainika na kushikamana na lililo juu yake. Nao unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 kwa siku nyingi, ukungu huota, na pwani yetu hukipita kiwango hicho sehemu kubwa ya mwaka. Filamu za asetati hutoa harufu ya siki zinapooza, na pua ya mtumishi yaweza kuitambua. Hayo hufundishwa vema. Lisilofundishwa ni kwamba jina la mtu na la mahali aghalabu limo nyuma ya picha, kwa kalamu, pengine kwa hati za Kiarabu, na kwamba kuibandika picha hiyo katika albamu mpya ni kuifanya bubu.

Yasemwa kwamba kusoma hati ni kazi ya mtafiti, na mtumishi yamtosha kufuta vumbi na kupima unyevu. Mtafiti huja mara moja kwa miaka mitatu, akaketi majuma mawili. Anayelifungua sanduku kila juma ni mtumishi, naye ndiye mwenye kuamua, peke yake, jioni, kama kipande kilichoanguka sakafuni kitiwe katika bahasha au katika pipa. Wala hatumdai awe shaha. Herufi, mwelekeo wa mstari, neno la chini ya ukurasa na sauti ya vina ni mambo ya majuma machache kwa mtu ambaye Kiswahili ni lugha yake, na katika watumishi wa pwani wako waliokwisha kuzijua herufi hizo chuoni tangu utoto, ila hawajapata kuulizwa. Katika mtihani wa mwisho wa kozi yoyote itakayofanywa hapa ningependa liwemo swali moja la vitendo: mwanafunzi apewe nakala ya karatasi kumi za utenzi, zimechanganywa, hazina nambari, aambiwe azipange na aeleze amejuaje.