Fani na Maudhui ya Paa: Kanisa Kuu la Kericho

Athari ya jengo katika sura ya mji hupimwa aghalabu kwa urefu wake. Kipimo hiki hakitoshi. Mwaka 1984 Philip Johnson alikamilisha New York jumba la AT&T, lenye ghorofa 37, na kileleni akaweka umbo linalokumbusha kabati za kale za Kiingereza. Miongoni mwa maghorofa yenye vilele bapa, umbo hilo liligeuza mandhari ya anga, likawa alama ya usasaleo. Hata hivyo, fani hiyo ilikuwa pambo: kazi za ofisini hazikuhitaji kilele cha namna hiyo.

Kericho haina ghorofa la kushindana na hilo. Lakini swali ni lile lile. Nchi ya chai, kutoka Kericho hadi Bomet, imesawazishwa kwa kisu. Mchai ni mti, ila hupunguzwa ukabaki kimo cha kiuno ili mchumaji aufikie. Katika nchi kama hii, kila kinachoinuka huonekana kutoka mbali, na hapana budi kitoe sababu ya kuinuka kwake.

Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililosanifiwa na kampuni ya John McAslan ya London na kukamilika mwaka 2015, linayo sababu hiyo. Paa lake la vigae huanzia chini upande wa mlango, kisha hupanda na kupanuka kuelekea altare, likibebwa na matao kumi ya zege. Mwinamo wake humwaga mvua nyingi ya Kericho. Kupanda kwake huwaongoza waumini wapatao 1,500. Mstari unaoonekana angani umezaliwa na matumizi ya ndani. Hapa fani na maudhui havitengani.

Yawezekana kuhoji kwa nini mchoro utoke London, katika nchi ambayo Wakipsigis walinyang'anywa ardhi kwa ajili ya mashamba ya Waingereza. Hoja hiyo ni nzito, wala uzuri wa paa hauifuti. Hata hivyo, tofauti moja ni dhahiri: ulalo wa michai uliamuliwa na mahitaji ya soko, ilhali mwinuko wa paa hili umeamuliwa na mahitaji ya watu wanaokusanyika chini yake. Mhakiki na aulize, basi, mstari wa jengo umetoka wapi, kabla ya kuuliza umefika wapi.