Kunuka na Kunukia: Harufu na Kumbukumbu ya Nyumba

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili umezoea kuichukulia mandhari kuwa kitu cha kutazamwa. Nyumba huelezwa kwa kuta, paa na ukubwa wake, na uchambuzi ukakomea hapo. Hata hivyo, Kiswahili chenyewe hakilipi jicho mamlaka yote. Mzungumzaji husema amesikia harufu, wala hasemi ameiona. Aidha, lugha hutenga kunuka na kunukia: kiambishi kimoja cha kauli ya kutendea huigeuza karaha kuwa mvuto. Makala haya yanadai kwamba tofauti hiyo ni suala la mtazamo: nyumba ile ile humnukia mmoja na kumnukia mwingine vibaya, yaani ikanuka, kwa kutegemea nani anasimulia.

Nyumba ya jadi ya Wakipsigis katika vilima vya Kimulot, huko Bomet, ni kielelezo kizuri. Ilijengwa kwa fito, udongo na paa la nyasi. Moshi wa meko uliingia katika nyasi hizo ukakaa, ukachanganyika na harufu ya vibuyu vya mursik vilivyosuguliwa kwa makaa ya mti uitwao senetwet. Kwa mtoto wa nyumba hiyo, mchanganyiko huo ulinukia. Ulikuwa ndio nyumbani. Kwa mpita njia, kibanda kilinuka moshi. Paa la mabati lilipoingia, jicho liliona maendeleo, lakini ile hifadhi ya moshi ilitoweka.

Suala hili si la urembo tu. Wakati wa ukoloni familia nyingi za Wakipsigis zilipoteza ardhi iliyogeuzwa mashamba ya chai, na sheria ya 1934 iliuhamisha ukoo wa Talai kutoka Kericho hadi Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walieleza wasiwasi wao kuhusu dhuluma hizo. Palipokuwa na maboma, jicho leo huona kijani cha chai peke yake. Mhakiki wa simulizi za wazee anayedai ushahidi wa kuonekana tu huibomoa nyumba hiyo mara ya pili.

Mhamaji wa pwani naye hubeba nyumba yake kwa namna hiyo. Katika riwaya ya Abdulrazak Gurnah, By the Sea (2001), Saleh Omar anafika Uingereza kuomba hifadhi akiwa na kijisanduku cha udi. Afisa wa uwanja wa ndege anakichukua. Kwa afisa, ni ubani tu. Kwa Saleh Omar, ni mabaki ya maisha yake yote.

Hata hivyo, harufu si shahidi asiye na upendeleo. Kumbukumbu hunukisha hata yaliyoumiza: moshi ule ule unaotamaniwa uliwaumiza macho na vifua wanawake waliopika ndani yake. Kwa hiyo haitoshi mhakiki kuorodhesha harufu zilizomo katika matini. Hana budi kuuliza nyumba hii inamnukia nani, inanuka kwa nani, na ni nani aliyekuwa mekoni bila kupewa nafasi ya kusimulia.