Gundi ya Mkorosho

Kiangazi, kwenye mikorosho mikongwe ya Masasi, na ukipanda hadi Newala, angalia shina mahali panga lilipopita au mdudu alipotoboa. Utakuta donge la rangi ya asali, gumu, linalong'aa. Msimu huo macho ya wakulima yako juu, kwenye maua na salfa ya kuzuia ubwiriunga. Mnadani huuzwa korosho, donge hubaki shinani. Mimi nalistahi, hasa tangu nilipojua wanavyolifanyia kazi watafiti wa Ceará, kaskazini mashariki mwa Brazili, kwenye asili ya mkorosho wenyewe.

Wanaanza kwa kuchambua. Madonge yaliyoshika magome au kupiga weusi huwekwa kando. Yaliyo safi husagwa, hulowekwa, huchujwa, kisha maji yake hutiwa ethanoli. Gundi hujitenga hapo hapo, nyeupe, ikatuama chini. Huoshwa na kukaushwa. Kinachobaki ni polima ya sukari yenye matawi mengi, sehemu kubwa ikiwa galaktosi.

Lengo ni gundi hiyo ibebe dawa na kuiachia polepole mwilini. Ikiachwa hivyo huyeyuka upesi majini, na dawa iliyomo ikatoka yote kwa mkupuo. Kwa hiyo minyororo yake hufungwa pamoja, ipate kufyonza maji na kuvimba bila kuyeyuka. Hiyo ndiyo haidrojeli. Vifungo vikiwa vichache, dawa hutoka kwa pupa. Vikizidi, hunasa ndani. Tena, ikiwa itapandikizwa mwilini, lazima vije kukatika vyenyewe, mgonjwa asipasuliwe mara ya pili kutolewa mabaki. Kupata kadiri hiyo ni kazi ya kupima, kumwaga na kupima upya, na hapo ndipo ninapowavulia kofia.

Namna moja inanivutia kupita zote. Gundi huchanganywa na alijineti, polima ya mwani wa kahawia, kisha hudondoshwa tone kwa tone kwenye maji yenye chumvi ya kalsiamu. Kila tone likigusa maji huganda, likawa punje laini ya mviringo. Kwenye asidi ya tumbo alijineti hujikaza. Ikifika utumbo mwembamba huvimba na kuachia dawa. Huko huko Ceará gundi hii imeunganishwa pia na kitosani, itokanayo na magamba ya kamba, ibebe mafuta ya mmea wa Lippia sidoides na kuyaachia polepole yaue viluwiluwi wa mbu.

Uwiano wa sukari katika gundi hutofautiana kati ya nchi na nchi, hata kwa umri wa mti. Vipimo vya Ceará haviwezi kuhamishiwa Newala jinsi vilivyo. Donge la hapa lazima lipimwe lenyewe, kuanzia kwenye kuchambua.