Kabla Hujailaumu Diski

Nakala rudufu inaporejeshwa, kazi ikakwama katikati na kompyuta ikatoa ujumbe kwamba imeshindwa kuandika kwenye diski, hukumu ya mafundi wengi hutoka papo hapo: diski imekufa, nunua nyingine. Mteja ananunua, fundi anaanza upya, na si mara chache ujumbe uleule unarudi, safari hii kwenye diski iliyotolewa kwenye boksi asubuhi hiyohiyo. Hapo lawama huhamia kwenye bakapu yenyewe, na wapo wanaofikia hatua ya kuifuta.

Ujumbe huo hutaja diski kwa sababu diski ndiyo ya mwisho kwenye msururu. Kabla yake kuna diski ya chanzo na waya wake, kuna RAM, programu inayofungua faili lililobanwa, mfumo endeshi, kidhibiti cha tundu, waya wa pili na umeme. Kurejesha nakala kunaubana msururu wote huu kuliko kazi ya siku nzima ofisini, maana ni gigabaiti mia kadhaa zinazopita mfululizo kwa saa nyingi. Waya uliolegea unaweza kuvumilia miaka miwili ya barua na mahesabu ya Excel, usivumilie saa moja ya kazi hii.

Lipo jambo la kiufundi ambalo kwa maoni yangu linageuza kabisa namna ya kuusoma ujumbe huo. Diski ya sumaku kwa kawaida haisomi tena ilichokwisha kuandika. Kichwa kinapita juu ya sekta, kinaacha alama zake na kusonga mbele. Kama uso wa sahani umechakaa mahali hapo, itajulikana siku ya kusoma. Na kama sekta ilikwisha kushukiwa zamani, kuandika juu yake ndiyo tiba: diski inaijaribu, ikifaa inaitoa kwenye orodha ya washukiwa, isipofaa data inapelekwa kwenye sekta ya akiba, na mfumo endeshi hauambiwi lolote. Kwa hiyo diski inayokiri waziwazi kwamba imeshindwa kuandika ama imemaliza akiba yake, ama vichwa vyake haviwezi tena kuipata njia. Hayo ni magonjwa makubwa, na huja na dalili zake nyingine. Dalili hizo zikikosekana, mkosaji anatafutwa kwingine kwanza.

Tuanze na msimbo wa kosa, maana wengi huupiga picha kwa simu na kuutuma kwa fundi bila kuusoma. Kwenye Windows, kosa la 0x8007045D linatisha kwa sura tu. Sehemu ya 0x8007 ni kifungashio. Kinachobaki, 045D, ni namba 1117 iliyoandikwa kwa heksadesimali, na maana yake ni kwamba kifaa kimeshindwa kupokea au kutoa data. Msimbo wa 0x80070070 ni namba 112, nafasi imejaa. Wa 0x80070013 ni 19, kifaa kimezuiwa kuandikwa. Wa 0x80070017 ni 23, data haikulingana na alama zake za uhakiki, na huo mara nyingi hutokana na kusoma: inayolalamika ni diski yenye bakapu, ilhali mtumiaji anaikodolea macho ile mpya. Kwenye Linux kuna namba 5 kwa hitilafu ya kifaa, 28 kwa kukosa nafasi na 30 kwa mfumo wa faili usioruhusu kuandikwa. Programu nyingi za kurejesha huyafunika yote haya kwa sentensi moja ya jumla. Ukweli unapatikana kwa amri ya dmesg kwenye Linux, au kwenye kumbukumbu za matukio za Windows, ambako jina la kifaa huandikwa, na mara nyingi namba ya sekta pia.

Namba hiyo ya sekta iandikwe kwenye karatasi, kisha kazi irudiwe. Asilimia inayoonyeshwa na programu haitoshi, kwa sababu data hupumzika kwanza kwenye RAM na hitilafu inaweza kutangazwa dakika kadhaa baada ya kutokea. Kama namba imerudi ileile, tatizo limekaa mahali maalumu, yaani hesabu ya ukubwa haikukaa sawa au kuna sehemu mbovu kwenye sahani. Kama leo ni hapa na kesho ni kule, tatizo ni la njiani: waya, umeme, joto au RAM. Sijui kipimo kingine cha bure kinachogawanya washukiwa vizuri kiasi hicho.

Hesabu ya ukubwa huwaangusha hata waliobobea. Mtu ana diski ya sumaku ya GB 500 iliyotumika GB 90 tu, ananunua SSD ya GB 480, anaona nafasi imebaki tele. Lakini nakala iliyochukuliwa sekta kwa sekta haijali kilichotumika. Diski ya GB 500 kwa kawaida ina sekta 976,773,168 za baiti 512, wakati SSD ya GB 480 ina 937,703,088. Pungufu ni zaidi ya baiti bilioni 20, na patisheni ya mwisho haiwezi kutoshea. Dawa ni kuipunguza patisheni kwenye diski ya zamani, ukiwa bado unayo, na kuchukua nakala upya. Clonezilla ina chaguo la -icds la kuruka ukaguzi wa ukubwa na la -k1 la kupanga patisheni kwa uwiano wa diski mpya, lakini hakuna hata moja linalopunguza mfumo wa faili uliomo ndani.

Mpaka mwingine ni ule wa biti 32. Faili moja kwenye FAT32 haliwezi kuzidi baiti 4,294,967,295, kwa hiyo bakapu ya GB 30 inayonakiliwa kwenye flashi ya aina hiyo itagoma baada ya GB 4 na kitu, hata flashi ikiwa tupu. Jedwali la patisheni la MBR nalo linaishia kwenye idadi kama hiyo ya sekta, yaani terabaiti 2.2 kwa hesabu ya madukani. Makasha ya zamani ya USB yana kikomo hichohicho. Ukikuta kosa linatokea karibu na namba hizo, acha kupima diski. Badilisha mpangilio uwe GPT, flashi iwe exFAT au NTFS, au tafuta kasha jipya.

Waya unastahili nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa ndio mshukiwa anayesamehewa upesi kuliko wote. Amri ya smartctl -A /dev/sdb hutoa jedwali refu, na kwa makasha mengi ya USB huongezwa -d sat ili likubali kusomeka. Mistari ya kutazama kwenye diski ya sumaku ni minne: wa 5, sekta zilizokwisha kuhamishwa, wa 197, zinazosubiri uamuzi, wa 198, zilizoshindikana, na wa 199, makosa ya mawasiliano kati ya diski na kidhibiti. Safu inayosema ukweli ni ya mwisho upande wa kulia, thamani ghafi. Tuseme mistari mitatu ya mwanzo ina sifuri na wa 199 una 37. Peke yake, 37 haisemi kitu, kwani namba hiyo haishuki kamwe. Huenda makosa hayo yalitokea miaka mitatu iliyopita kwenye kompyuta nyingine. Jaribu kurejesha tena, kisha usome mstari ule. Ukikuta 52, diski ni nzima na waya ndio unaoharibu data njiani. Wakati huohuo dmesg huonyesha kiungo cha SATA kikishushwa kasi kutoka gigabiti 6.0 kwa sekunde hadi 3.0, pengine mpaka 1.5, mfumo ukijaribu kupata mwendo ambao waya utauweza. Kebo ya SATA ni rahisi sana ukilinganisha na diski, na bado diski ndiyo hununuliwa kwanza.

Umeme una alama yake, na ukishaiona mara moja hutaisahau. Diski ya nje ilikuwa inaitwa sdb. Katikati ya kazi, dmesg inasema kifaa cha USB kimeondoka, na sekunde chache baadaye kifaa kipya kimeingia: sdc. Ni diski ileile, ilikosa nguvu ikazimika na kuwaka tena. Programu ya kurejesha haina habari, bado inaandika kwa sdb ambayo haipo, na kila inachoandika kinarudi na kosa namba 5. Tundu la USB 2.0 lina ahadi ya miliampia 500 na la USB 3.0 miliampia 900, wakati diski ya inchi 2.5 inaweza kutaka karibu ampia 1 inapoanza kuzunguka. Waya mrefu na mwembamba unapunguza hata hicho kilichopo. Tumia tundu la nyuma ya kompyuta badala ya la mbele, au habu yenye adapta yake, kabla ya kuandika hati ya kifo cha diski.

RAM nayo hupimwa bila kufungua kasha. Piga hesabu ya sha256sum kwenye faili la bakapu, chomoa na kuchomeka diski hiyo, rudia. Faili halijaguswa, kwa hiyo majibu mawili tofauti yanamaanisha kwamba kuna kitu kati ya diski na prosesa kinachobadilisha data, na Memtest86+ iachwe ifanye kazi usiku kucha. Majibu yakiwa sawa lakini hayalingani na alama iliyohifadhiwa siku bakapu ilipochukuliwa, basi faili ndilo lenye kasoro, na hakuna diski mpya itakayoliponya.

Diski nzima, waya mzima na umeme wa kutosha bado vinaweza kuishia kwenye hitilafu, na mwaka 2020 jambo hilo lilitokea hadharani. Watu waliokuwa na diski za WD Red, zilizouzwa kwa ajili ya hifadhi za mtandao za NAS, walikuta kwamba wakitoa diski moja mbovu na kuweka mpya, ujenzi upya wa data unakwama na mfumo unaitangaza diski mpya kuwa mbovu. Aprili mwaka huo jarida la mtandaoni la Blocks & Files liliandika habari hiyo, na Western Digital ikakubali kwamba baadhi ya modeli za terabaiti 2 hadi 6 zilitumia SMR, mfumo ambao njia za data hupandana. Ni kama paa la makuti: huwezi kubadilisha kuti la chini bila kuinua yaliyolala juu yake. Diski ya namna hii ina eneo dogo la kawaida la kupokea data haraka, kisha huipanga taratibu inapopumzika. Kwenye ujenzi upya haipumziki. Eneo likijaa, mwendo unaanguka, amri moja inangoja sekunde nyingi, na mfumo unaamua kwamba diski haijibu. Tovuti ya ServeTheHome ilipoijaribu modeli ya terabaiti 4 chini ya mfumo wa faili wa ZFS, ujenzi upya ulichukua zaidi ya siku 9, wakati diski za njia zisizopandana zilimaliza ndani ya siku moja. Juni 2020 kampuni ikatenganisha majina, Red Plus ikawa ya mfumo wa kawaida. Mimi naona kosa kubwa lilikuwa kutoandika SMR kwenye boksi. Teknolojia yenyewe inafaa kabisa kuhifadhi kitu kinachoandikwa mara moja.

Ukikwama na diski ya aina hiyo, gawa kazi: rejesha patisheni moja, iache diski ikiwa na umeme bila kazi kwa saa kadhaa, endelea. Linux kwa kawaida husubiri jibu la diski kwa sekunde 30. Namba iliyomo kwenye /sys/block/sdb/device/timeout ikipandishwa hadi 180, kazi iliyokuwa ikifa inaweza kukokota miguu mpaka mwisho.

SSD hufa kwa namna nyingine. Baadhi hufunga mlango wa kuandika zinapochakaa na kuacha wa kusoma wazi kwa muda. Katika jaribio refu la tovuti ya The Tech Report lililomalizika 2015, Intel 335 ilifanya hivyo baada ya kuandikwa takriban terabaiti 700, na ilipozimwa na kuwashwa haikurudi tena. Kwa hiyo unaporejesha juu ya SSD ya zamani ambayo bado ina faili za wiki iliyopita, na ikatokea namba 19 au 30, usizime kompyuta kwa mazoea. Hamisha kwanza kilichomo.

Halafu kuna vifaa visivyolalamika kamwe. Flashi bandia iliyoandikwa TB 2 huku ndani ina GB 32 inaweza kupokea kila kitu kwa adabu, na data ikapotea. Kwa hizo kuna f3write na f3read, zinazojaza kifaa na kukisoma chote.

Kimya cha programu mwishoni nacho kisiaminiwe. Linux inaweza kuwa bado imeshikilia gigabaiti kadhaa kwenye RAM wakati skrini inasema asilimia 100, kwa hiyo dd iongezewe conv=fsync, au andika sync na usubiri mpaka irudi. Kama nakala ilikuwa ghafi, chomoa diski, ichomeke tena, na kabla ya kuiwasha kama mfumo au kuandika chochote juu yake, ilinganishe na faili la nakala kwa cmp. Bila kuichomoa kwanza, sehemu ya kitakachosomwa inaweza kutoka kwenye RAM, na hapo jibu la cmp halitakuwa linahusu diski.