Wenye Daftari wa Gombe

Mgeni akifika Kasingirima, hapa Kigoma, na kuuliza habari za Ujiji, atatajiwa Livingstone. Akiuliza hifadhi ya sokwe ya Gombe, atatajiwa Jane Goodall. Mama huyo anastahili: alishuka ufukweni pale Julai 14, 1960, na kabla mwaka haujaisha akamwona sokwe aliyemwita David Greybeard akichokonoa mchwa kwa unyasi. Lakini sifa zangu leo nawapa wenye daftari, wasaidizi wa utafiti kutoka vijiji vya mwambao huu.

Kazi yao huanza kabla ya mapambazuko, chini ya mti alikolala sokwe. Akishuka, nao nyuma yake. Akijipenyeza kwenye miiba, nao wanatambaa humo humo, mpaka jioni akunje matawi na kujitandikia kiota kingine. Kila robo saa huandikwa yuko wapi na yuko na nani. Kisha huja maelezo, kwa Kiswahili: nani kamchambua nani manyoya, nani kanyang'anywa tunda, mama gani kamgeukia mwanawe aliyelia. Fundi haandiki tu kwamba sokwe kakasirika. Anaandika kwamba nywele zimesimama na midomo imebanwa. Kujizuia kukisia hisia ni kugumu, jaribu kwa jirani yako utaona.

Hilali Matama alikuwa mmoja wao. Januari 1974 alishuhudia madume wa kundi la sokwe la Kasakela wakimvamia Godi, dume wa kundi jirani la Kahama, na dunia ikajua kuwa sokwe nao hupigana vita. Mei 1975 watu wenye silaha walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Zaire wakateka watu wanne katika kambi ya utafiti. Watafiti wa kigeni wakaondoka. Wenyeji wakabaki, wakaendelea kuandika.

Elimu hiyo haikuishia msituni. Mwaka 1987 Goodall aliingia katika maabara moja ya Marekani na kuwakuta sokwe wamefungiwa kwenye vizimba vidogo. Aliwatetea akijua, kwa ushahidi wa daftari, maisha waliyonyimwa. Mwaka 2015 taasisi ya taifa ya afya ya nchi hiyo ikatangaza kuwastaafisha sokwe wake wote wa utafiti.

Kwetu Tanzania nako ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, inayogusa mifugo pia. Basi nanyi mnaoning'iniza kuku vichwa chini kwenye baiskeli hadi sokoni, nunueni tenga.