Shujaa Aliyekufa Kitandani

Nilipokuwa nafundisha juu ya ufufuo katika darasa la kipaimara, kijana mmoja alisema, "Mchungaji, mbona hata Superman alikufa akarudi?" Wenzake walicheka. Mimi nilikwenda nikakitafuta kitabu chenyewe, nikakisoma.

Ni kitabu cha katuni, Superman namba 75, kilichotolewa na DC Comics mwishoni mwa 1992. Kila ukurasa una picha moja tu, kubwa. Superman anapigana na jitu liitwalo Doomsday mpaka wote wawili wanaanguka, na Lois Lane anabaki amemkumbatia. Nakiri picha hizo zilinigusa. Lakini kufikia mwaka uliofuata shujaa alikuwa amerudi, tena na nywele ndefu, na baadaye hata yule jitu alirudi. Vita vikaendelea vilevile. Hapo ndipo hadithi inaponipoteza: kaburi limekuwa mahali pa kupumzika kidogo. Superman anafanana zaidi na Lazaro, aliyetoka kaburini ili aje afe tena siku nyingine. Bwana Yesu hakurudi kuendelea pale alipoachia. Alishinda kifo chenyewe, na Tomaso alioneshwa alama za misumari.

Kuna kitabu kingine ninachokiona bora zaidi, cha Jim Starlin, kilichotolewa na Marvel mwaka 1982, juu ya kifo cha Captain Marvel. Huyu hauawi na jitu. Anakufa kwa saratani, iliyotokana na gesi ya sumu aliyoivuta katika pambano la zamani. Mashujaa wenye akili kuliko wote wanatafuta dawa, wanashindwa. Spider-Man, aliyezoea kuokoa watu, hawezi hata kuvumilia kukaa chumbani. Rick Jones, rafiki wa karibu kabisa, anamkasirikia mgonjwa kwa kukubali kufa, anaondoka, halafu anarudi kuomba msamaha. Mwishoni wote wamezunguka kitanda.

Nina neno moja dhidi ya Starlin. Katika kurasa za mwisho anakichora kifo kama mwanamke mwenye busu, karibu rafiki. Mtume Paulo anakiita adui wa mwisho, nami niliyekaa na wagonjwa wengi wodini nipo upande wa Paulo. Hata hivyo Starlin hakudanganya juu ya kitanda.

Baadaye nilikuja kujua kwamba yule kijana alikuwa amemzika baba yake miezi michache kabla, naye kwa saratani. Nilimsimulia kitabu hiki jioni moja kanisani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Rick alirudi kabla hajafa?"

"Alirudi."

"Mimi sikuwahi, Mchungaji. Niliogopa kuingia wodini."

Tulikaa palepale kwenye benchi mpaka mzee wa kanisa alipokuja kufunga milango.