Isnadi ya Picha: Uhakiki wa Taarifa za Uchunguzi katika Vichujio vya Video vya FFmpeg

5.3 Utangulizi

Sehemu hii inahakiki taarifa za uchunguzi zinazotolewa na programu huria ya FFmpeg, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, inapochakata video kwa msururu wa vichujio. Swali linaloongoza uhakiki ni moja: je, taarifa hizo zinamwezesha mhifadhi wa kanda kufahamu kila badiliko lililofanywa katika picha? Hoja inayotetewa ni kwamba udhaifu mkuu wa taarifa hizo ni namna zinavyopangwa kwa ngazi, na wala si uhaba wake.

5.3.1 Muktadha wa Tanga

Tanga ina nafasi ya pekee katika historia ya taarabu. Vikundi vya Black Star na Lucky Star vilivyowika huko viliacha athari iliyovuka mipaka ya mji huo. Zama za video zilipofika, harusi na ngoma za pwani zilianza kuhifadhiwa majumbani katika kanda za VHS. Joto na unyevunyevu wa pwani huziharibu kanda hizo, hivyo kuzihamishia katika kompyuta si jambo la kusubiri. Kanda iliyokwisha kudhoofika inaweza kucheza vizuri mara chache tu kabla ya kuharibika kabisa. Kwa hiyo, kosa la uhamishaji linaweza kuwa ndilo nakala pekee itakayowafikia wajukuu.

Katika mfumo wa PAL, kila sekunde ina fremu 25, na kila fremu imefumwa kwa nusu mbili: moja ya mistari witiri na nyingine ya mistari shufwa. Nusu hizo hunaswa kwa nyakati mbili tofauti. Hivyo basi, sekunde moja ina nyakati 50. Kufumua fremu kunahitaji kujua ni nusu ipi iliyotangulia.

5.3.2 Dhana inayofichwa

Kichujio kinachotumika sana kwa kazi hiyo ni yadif. Kwa chaguo-msingi, hutafuta mpangilio wa nusu katika maelezo yanayoambatana na fremu. Maelezo hayo yakikosekana, kichujio huchukulia kwamba nusu ya juu ndiyo iliyotangulia. Uamuzi huo umeelezwa katika mwongozo wa programu, lakini wakati wa kazi yenyewe hakuna onyo linalotolewa. Ikiwa kanda ilinaswa kwa mpangilio wa kinyume, kama ilivyo kawaida kwa DV ya PAL, na kichujio kikaagizwa kutoa fremu 50 kwa sekunde, mwendo huenda mbele na kurudi nyuma. Mkono wa mchezaji ngoma hutetemeka, ilhali haukutetemeka siku ya harusi. Mtazamaji huilaumu kanda kwa kosa la dhana.

Mfano wa pili ni ugeuzaji wa rangi. Kichujio kimoja kikitoa mpangilio wa rangi usiokubalika kwa kinachofuata, programu hupachika kigeuzi chake katikati na kukipa jina kama auto_scale_0. Taarifa ya upachikaji huo hutolewa katika ngazi ya ufafanuzi, iliyo chini ya ngazi ya kawaida, kwa hiyo mtumiaji wa kawaida haioni. Ikiwa mistari ya rangi imepunguzwa kabla ya kufumua, rangi za nyakati mbili zinaweza kuchanganyika, na pindo la kanga likavuja ukingoni mwake.

5.3.3 Taarifa kama isnadi

Wasomi wa pwani wanaifahamu isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi unaobeba habari. Habari hupimwa kwa kutazama nani aliipokea kwa nani. Msururu wa vichujio unaweza kusomwa vivyo hivyo: kila kichujio ni mpokezi anayeipokea picha, kuigusa na kumkabidhi anayefuata. Kwa kigezo hicho, auto_scale_0 ni mpokezi asiyetajwa, na dhana ya yadif ni kauli isiyo na mpokezi. Mlolongo unaweza kuwa sahihi, lakini hauwezi kuthibitishwa.

Hata hivyo, haki ya programu nayo ibainishwe. Kichujio idet huhesabu fremu zenye mpangilio wa kila aina na kutoa jumla mwishoni mwa kazi. Nacho showinfo huonesha, kwa kila fremu, wakati wake na mpangilio wa nusu zake. Ushahidi upo, lakini hutolewa kwa anayejua kuuomba. Aidha, kufungua ngazi zote si suluhisho, kwani wingi wa mistari hufunika mstari mmoja wenye maana. Kinachohitajika ni kigezo: dhana inayobadilisha picha ipewe ngazi ya onyo, na taarifa isiyoigusa picha ibaki chini.

Suala la lugha nalo lina uzito. Mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliozaa Jambo OpenOffice mwaka 2004 ulithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba menyu za programu huria. Taarifa za FFmpeg zimebaki kwa Kiingereza. Tafsiri pekee, hata hivyo, isingetosha, kwa sababu onyo lisiloandikwa halina cha kutafsiriwa.

5.3.4 Hitimisho

Uhakiki umebaini kwamba ukimya wa programu haupaswi kuchukuliwa kuwa usahihi. Kwa kanda za Tanga, mambo matatu yanafuata: idet itangulie yadif na mpangilio wa nusu utamkwe waziwazi, chaguo la -report litumike ili amri na taarifa zake zihifadhiwe pamoja na video, na nakala ambayo haijafumuliwa isifutwe. Hilo la mwisho ndilo muhimu zaidi, kwa kuwa dhana yenye kosa inaweza kusahihishwa pale tu chanzo chake kingalipo.